Nguba mpaka Idjwi: amplifaya ya wati 100, au ripita mlimani?

Ghala_Nguba aliuliza:

Wakubwa, jambo yenu. Naomba shauri kabla makuta hayajatoka mfukoni.

Tuna ghala karibu na ziwa Kivu, hapa Bukavu upande wa Nguba, na boti tano za mbao zinazopeleka mizigo kisiwani Idjwi na Kalehe. Ghalani kuna redio ya VHF ya wati 25, antena ndefu ya fimbo juu ya bomba la mita 6, na kebo ya RG-58 mita 30, kwa sababu bomba liko nyuma ya jengo na ofisi iko mbele. Kila boti ina redio ya wati 25 na kiantena cha robo wimbi, sentimita 46, kimepigiliwa juu ya kibanda cha mbao. Wapakiaji wana redio za mkono za wati 5.

Boti ikiwa bado inaonekana, sauti ni safi. Ikishazunguka rasi ya kwanza, inaanza kukatika. Ikikaribia Idjwi, wao wanatusikia kidogo, lakini sisi tunasikia mkwaruzo tu. SWR (kipimo cha wimbi linalorudi kutoka antenani, 1 ndiyo safi kabisa) nimepima kwenye redio, ni 1.6, kwa hiyo antena ni nzima.

Muuzaji mmoja anatupa amplifaya ya wati 100 na bei yake inakula karibu nusu ya bajeti. Ninunue? Au nijenge ripita, kituo cha mlimani kinachopokea sauti na kuirusha upya, na kama ni ripita, inahitaji nini hasa?

---

Fundi_Kadutu alijibu:

Usinunue. Soma tena ulichoandika mwenyewe: wao wanakusikia, wewe huwasikii. Amplifaya inaongeza mdomo, masikio yanabaki yaleyale. Utapaza sauti zaidi kwa watu ambao tayari wanakusikia, na majibu yao hutayapata. Tena kutoka wati 25 mpaka 100 ni desibeli 6 tu (kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili), yaani alama moja kwenye mita ya S, ile inayoonyesha ukubwa wa wimbi linalofika. Nayo itakunywa amperi 15 hadi 20 za batri kila ukibonyeza.

Sasa kebo. RG-58 kwenye 150 MHz inapoteza kama desibeli 20 kwa mita 100. Mita 30 ni desibeli 6, robo tatu ya nguvu. Wati 25 zinazotoka redioni zinafika antenani zikiwa 6 na kidogo, na wimbi la boti linaposhuka linakatwa vivyo hivyo. Ukiweka RG-213, kebo nene zaidi, zinafika kama wati 13. Ukiweka kebo ngumu ya nusu inchi, ile ya bomba la shaba lenye mikunjo, zinafika karibu 21. Kwa maneno mengine, amplifaya yako ya wati 100 juu ya RG-58 ingekurudisha palepale ulipofikiri umeanzia: wati 25 kwenye antena.

Na hiyo SWR ya 1.6 isikupe usingizi. Kebo inayopoteza desibeli 6 inaficha ugonjwa: wimbi linapungua likipanda, linagonga tatizo, linapungua tena likirudi, mita inaona kidogo. Fanya hesabu ya antena iliyokatika kabisa. Kila kitu kinarudi, lakini baada ya desibeli 12 za njia nzima mita ya chini inaonyesha kama 1.7. Yaani 1.6 yako inaweza kuwa antena nzuri, na inaweza kuwa hakuna antena kabisa! Panda na mita. Pima juu, kati ya kebo na antena, kwa kipande kifupi cha kebo. Kisha toa antena, weka mzigo wa kupimia wa omu 50, usome wati ngapi zimefika. Ukipata chini ya 5, kebo imekunywa maji.

Maji yanaingia kwenye fishi, kile kichwa cha kuungia kebo. Fishi ya aina ya PL-259 haina kinga yoyote dhidi ya mvua, na mvua za hapa mnazijua, tangu Septemba mpaka Mei. Funga tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianza chini kwenda juu ili mizunguko ipandane kama mabati ya paa, kisha tepu nyeusi juu yake dhidi ya jua. Chini ya fishi acha kebo ining'inie kidogo kabla haijaingia ukutani, maji yadondokee hapo. Ukikata kebo na kukuta waya wa nje umekuwa mweusi au kijani, usikate sentimita kumi na kuendelea. Maji yamekwisha kutembea ndani. Tupa.

Tatu, kelele. Ghala lako lina umeme wa jua? Invata, kidhibiti cha paneli na taa za LED za bei ndogo ndiyo maadui wakubwa wa VHF. Namna ya kupima: usifungue skwelchi (kile kizima-mkwaruzo cha redio) na kusikiliza mkwaruzo mtupu, redio ya FM isiyo na wimbi inalia vilevile kelele ikiwa nyingi au kidogo. Mwambie mtu wa boti asimame mahali sauti inapokatika, ahesabu moja mpaka ishirini bila kuacha, na wewe uzime vitu kimoja kimoja. Kikizimwa na hesabu ikasikika, umemkamata mwizi.

---

Juu_ya_Mlima alijibu:

Fundi amesema ukweli, lakini hata akitengeneza hayo yote, rasi haitahama. VHF inapita mahali ambapo antena mbili zinaonana, au karibu zinaonana. Kanuni ya haraka: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita mpaka upeo wa redio. Antena iliyo mita 20 juu ya maji ni kilomita 18. Boti yenye antena mita 2 ni karibu 6. Jumla 24, hiyo ni kwenye maji matupu. Kilima kikikaa katikati kinaweza kula desibeli 20, 30, hata zaidi, na hakuna amplifaya ya dukani inayolipa deni hilo.

Geuza hesabu sasa. Ripita ikae kwenye mgongo wa mlima mita 600 juu ya ziwa: upeo wake ni kilomita 100. Boti iko kilomita 30 na hakuna kitu katikati. Kwenye 150 MHz njia hiyo inapunguza wimbi kwa desibeli 105 hivi. Wati 1 ni dBm 30 (desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja), inafika ikiwa kama dBm −75. Redio ya kawaida inasikia mpaka −119. Kuna akiba ya zaidi ya desibeli 40 kwa wati moja! Ndiyo maana redio ya mkono inayoiona ripita inaipita redio ya wati 100 iliyo nyuma ya kilima.

Kuchagua mlima: usichague mrefu kuliko yote, chagua unaoona maji yote unayotaka. Kahuzi ina mita 3308 lakini iko ndani ya hifadhi, na hata ingeruhusiwa, vilima vya mbele vingekufichia ufuo. Fungua Google Earth, chora mstari kutoka mgongo unaoufikiria mpaka ghalani, mpaka Kalehe, mpaka kila upande wa Idjwi, uangalie mkato wa ardhi. Programu ya bure ya Radio Mobile inafanya kazi hiyo kwa ramani nzima na kukupaka rangi mahali sauti inapofika. Usisahau kwamba Idjwi yenyewe ina mgongo katikati. Ripita upande wa magharibi itaacha kivuli kwenye ufuo wa mashariki wa kisiwa, na hicho kivuli ukikubali mapema hutakorofishana na mabaharia wako baadaye.

Kabla ya kupanda na saruji, panda na redio ya wati 25, antena yoyote kwenye mti wa mita 4, na batri. Mtu akae huko siku moja, boti zifanye safari zao za kawaida, kila dakika kumi ziite, andikeni kwenye daftari. Jaribio hilo linaonyesha hata miti na majengo ambayo programu haiyajui.

Kosa moja la watu wa milimani: antena ndefu sana. Kolineari, antena ndefu ya vipande vilivyopangwa wima, ikiwa ya desibeli 6 inabana wimbi liwe kama sahani, digrii 8 hivi juu na chini ya mstari wa upeo. Ghala lililo mita 600 chini na kilomita 3 mbali liko digrii 11 chini, nje ya sahani. Boti ya karibu itastahimili kwa sababu akiba ni kubwa. Redio ya mkono ndani ya ghala la mabati ndiyo itakayokatika, na watu watasema ripita ni mbovu. Chukua dipoli (antena fupi za nusu wimbi) mbili zilizopangwa wima, au hata moja. Mlima umekwisha kukupa kimo, huna haja ya kukinunua tena kwenye antena.

---

Ghala_Nguba:

Aksanti sana yaya Fundi, na wewe Juu ya Mlima. Nimepanda na mita leo. Juu ya bomba, kwa mzigo wa omu 50: wati 3.5. Nilipofungua fishi maji yalidondoka. Kebo nimeshaitoa.

Swali la pili. Kijana mmoja anasema nichukue redio mbili za gari, moja isikilize, nyingine irushe, niziunganishe kwa waya wa nyuma, kila moja na antena yake, ripita imekwisha. Ni kweli? Na batri ngapi?

---

Fundi_Kadutu:

Nusu ni kweli. Redio mbili zinaweza kuwa ripita. Waya wa nyuma unapeleka vitu vitatu: ishara kwamba kuna mtu anaongea (inakwenda kwenye PTT, kitufe cha kuongea, ya redio ya pili), sauti, na ardhi. Sauti usiichukue kwenye spika, mtu akizungusha kitufe ripita nzima inabadilika. Iko kwenye soketi ya nyuma, kabla ya kitufe cha sauti. Kwenye chaneli ya 12.5 kHz usizidishe mtikisiko wa masafa wa 2.5 kHz, la sivyo sauti itakuja imekatwakatwa.

Uongo uko kwenye antena. Redio inayorusha wati 25 karibu na redio inayojaribu kusikia sehemu ndogo ya mikrovolti ni kama kupiga ngoma sikioni mwa mtu anayenong'onezwa. Ripita inakuwa kiziwi. Dalili yake ni hii: boti ya mbali inafungua ripita, sauti inatoka nusu sekunde, inakatika, inafunguka tena, kata, fungua, kata. Kupima ni rahisi. Sikiliza wimbi dhaifu kwenye redio ya kusikilizia huku ya kurusha imezimwa. Iwashe irushe. Mkwaruzo ukiingia, una uziwi.

Dawa ni dupleksa, yale masanduku ya vyumba vya chuma yanayotenganisha masafa mawili kwenye antena moja. Masafa ya kupokea na kurusha yakipishana 4.6 au 5 MHz, dupleksa ndogo ya vyumba sita inakupa desibeli 75 hadi 80 na inatosha kwa wati 25. Yakipishana 600 kHz tu kama ripita za maamatea (wapenda redio), ndogo haifai, unahitaji mapipa makubwa na bei yake ni nyingine kabisa. Antena mbili bila dupleksa: moja mita 10 juu ya nyingine kwenye nguzo ileile inakupa kama desibeli 56. Haitoshi peke yake, ila ukiongeza chumba kimoja cha kichujio kila upande unaweza kufika. Kuziweka ubavu kwa ubavu mita 10 ni 36 tu. Sahau.

Dupleksa inakuja imeshapimwa kwa jozi yako ya masafa. Usizungushe skrubu "kuona itakuwaje". NanoVNA, kile kipimo kidogo cha masafa, itakuonyesha shimo (masafa ambayo dupleksa inayazuia) liko wapi, lakini kina chake chote haikioni, inaishia karibu desibeli 70.

Vipande vifupi kati ya redio na dupleksa viwe vya kebo yenye nyavu mbili za nje, RG-400 au RG-142. Kutoka dupleksa mpaka antenani, nusu inchi ngumu. Wengi wanaweka LMR-400 kwa sababu inapoteza kidogo na ni rahisi, na kwa redio ya kawaida ni kebo nzuri. Kwenye ripita hapana: ndani yake kuna karatasi ya alumini inayosuguana na wavu wa shaba uliopakwa bati, na kwa kurusha na kupokea pamoja inazaa kelele yake yenyewe. Boliti zenye kutu kwenye nguzo zinafanya ubaya huohuo.

Redio ya gari ya wati 50 haikutengenezwa kurusha mchana kutwa. Ipunguze iwe 20 au 25, weka feni inayopuliza mapezi ya nyuma, na kikomo cha dakika 3 ili kitufe kikikwama botini ripita isiungue. Weka toni pia, ule mlio wa chini usiosikika ambao redio zenu zinautuma ili kufungua ripita, la sivyo kila kelele itaifungua. Epuka 100.0 Hz na zilizo karibu na 150, maana umeme wetu ni 50 Hz na mngurumo wake unaangukia hapo. 88.5 au 123.0 ni salama.

Batri: ikirusha inakula amperi 7, ikisikiliza 0.5. Kwa matumizi ya saa moja katika kila tano, ni kama Ah (amperi-saa) 44 kwa siku. Siku tatu za mawingu, 132. Batri ya asidi usishushe chini ya nusu, kwa hiyo Ah 264. Lithiamu ya LiFePO4 unaweza kushusha mpaka asilimia 20, kwa hiyo 165. Paneli, hesabu inasema wati 200, mlima wenye ukungu wa asubuhi unasema 300. Kidhibiti kikae kwenye sanduku lake, mita mbili mbali na redio.

---

Radi_Kabare alijibu:

Mmesahau kitu kimoja ambacho hapa kwetu ndicho cha kwanza. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa 2016 uliiweka Kabare ya pili duniani kwa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela pekee: zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare ndiyo inayoizunguka Bukavu. Nguzo mlimani hapa itapigwa. Kazi yako ni kuionyesha radi njia.

Fimbo ya radi ipite juu ya antena. Waya wake ushuke wima bila kona kali, kwa sababu radi haipendi kona, inaruka. Chini, fimbo tatu za mita 1.5, mita 3 kati ya moja na nyingine, zifungwe pamoja, na ulenge chini ya omu 10. Wavu wa kebo uungwe kwenye nguzo juu, chini, na tena kabla ya kuingia sandukuni, ambapo unaweka kizuia radi cha gesi. Kisha waya wa paneli, ambao karibu kila mtu anausahau: radi inaingia kwa mlango wa paneli na kutoka kwa mlango wa antena, redio iko katikati. Kila waya unaoingia upite kwenye bamba moja la ardhi. Ukiwa na ardhi mbili zisizounganishwa, moja ya antena na moja ya umeme, umetengeneza tatizo, afadhali ungekuwa na moja.

Udongo wetu mwekundu unasaidia, unashika maji. Ndugu wa Goma wanaosoma wasiige hizo fimbo tatu: kwenye jiwe la lava fimbo haiingii, na ikiingia haigusi kitu. Huko tandaza mikanda minne ya mita 15 au 20 kama miguu ya buibui, ifunikwe kwa udongo ulioletwa kwa gari. Na shaba inaibwa. Mkanda wa chuma kilichopakwa zinki hauibwi upesi, ila usiuunge moja kwa moja na shaba, vinalana. Tumia kibano cha metali mbili.

---

Juu_ya_Mlima:

Mambo mawili kabla hamjaagiza kitu.

Masafa kwanza, vyombo baadaye. ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Congo, ndiyo inayogawa masafa, chini ya sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na dupleksa inapimwa kwa jozi utakayopewa. Ukiagiza kabla ya karatasi umenunua chuma. Taja kwenye barua kwamba ripita iko karibu na mpaka, maana ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda, kuna wengine wanaotumia masafa yao, na mlima hauulizi pasi. Na mtu asiguse 156.8 MHz, hiyo ni ya dharura majini dunia nzima.

Pili, zile antena za boti. Robo wimbi inahitaji bamba la chuma chini yake, ndilo nusu yake ya pili. Juu ya mbao inatafuta nusu hiyo kwenye kebo, na SWR inabadilika mtu akishika waya. Weka antena ya nusu wimbi isiyohitaji bamba, au funga fimbo nne za sentimita 48 chini ya ile uliyonayo, zikiinama kama digrii 45. Iinue mpaka mita 4: upeo wa boti unatoka kilomita 6 mpaka 8. Iwe wima. Nahodha akiilaza ili isigonge daraja la bandari na akasahau kuinua, anapoteza kama desibeli 20.

---

Ghala_Nguba:

Kebo ya nusu inchi imefika, mita 30, na fishi za N. Antena za boti tunaanza kesho. Sasa nikipima juu napata wati 20. Swali la mwisho: nikiwa nasubiri masafa, kuna ubaya kuhamisha bomba kutoka nyuma ya jengo kuja upande wa ofisi ili kebo iwe mita 12?

---

Fundi_Kadutu:

Hakuna ubaya, ila faida ni nusu desibeli tu kwa kebo hiyo mpya. Kwa RG-58 ningekuambia uhame usiku huohuo. Angalia ni upande gani unaona maji zaidi, hapo ndipo bomba likae, hata kama kebo inabaki mita 30. Na usiikunje kona: ukunjo wake usiwe mdogo kuliko sentimita 13 kutoka katikati, ikivunjika mbavu ndani hutaiona kwa macho. Paneli za ghala ziko upande gani wa paa?

---

Ghala_Nguba:

Upande wa ofisi. Na umenikumbusha: tulizima kidhibiti cha paneli jana jioni kama ulivyosema, boti ikihesabu nyuma ya rasi. Hesabu yake ilisikika kuanzia tisa mpaka ishirini.

---

Fundi_Kadutu:

Basi bomba libaki nyuma.